Piko la Siku ya Kura

Kisanduku cha Bibi kilinifikia wiki tatu baada ya arobaini yake. Mjomba alikileta mwenyewe, amekifunga kwa kanga, akakiweka juu ya meza yangu na kusema, "Hiki chako. Aliusia apewe somo yake." Nilipoinua kifuniko harufu ikanipiga usoni kabla sijaona kitu: piko. Wanaolijua hawahitaji kuelezwa. Wasiolijua, ni ile dawa nyeusi ya kuwachorea maharusi mikono na miguu, na harufu yake inachoma puani mpaka machozi yanatoka. Chini yake palikuwa na karafuu, maana Bibi hakuweka kitu bila karafuu. Nilikaa kitini nikalia, halafu nikacheka, na mwanangu akaja mbio kuuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa kabisa. Nilikuwa na miaka tisa, niko uani kwetu Mtoni, na nina vidole vinane vya watu wazima vya kupaka.

Mimi na Bibi tulikuwa na jina moja, ndiyo maana tuliitana somo. Watoto wengine pale uani waliitwa kwa majina yao, mimi niliitwa kama mtu mzima mwenzake, na nilijiona mtu mzima mwenzake. Mama yangu siku hizo alikuwa Kimbiji akimtunza dada yake aliyejifungua, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu tu: Bibi, mimi, na Mjomba, kitinda mimba wa Bibi, fundi baiskeli.

Bibi alipamba maharusi. Walikuja kumchukua kutoka Tandika, kutoka Vingunguti, wengine kutoka Kipawa kule karibu na uwanja wa ndege, na hakuwahi kurudi mikono mitupu. Alichora kwa chelewa, ule ujiti wa jani la mnazi unaotumika kwenye fagio, ameuchonga ncha mpaka umekuwa mwembamba. Kazi yangu ilikuwa kukoroga piko kwenye kibakuli na kuwapepea maharusi likauke. Mwaka ule nilikuwa nimepandishwa cheo: niliruhusiwa kuwapaka ncha za vidole wadogo zake bibi harusi. Sheria za Bibi zilikuwa chache na hazikuwa na mjadala. Sema bismillahi. Usipumue juu ya kazi. Anza na mkono wa kulia. "Kulia kwanza, somo, siku zote," alisema, na nikichukua wa kushoto kwa bahati mbaya alinigonga vidole kwa chelewa. Nasema bila haya, nilikuwa hodari. Kidole nilichokipaka mimi hakikuwa na doa nje ya mstari.

Kulikuwa na mtu mwingine muhimu maishani mwetu, naye alikuwa Mwalimu. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Baada ya kufundisha watoto maisha yake yote, alianzisha darasa la watu wazima pale shuleni, baada ya alasiri, na Bibi alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza. Alikwenda na daftari ndani ya mfuko wa plastiki ili lisichafuke. Kabla ya hapo, kila palipotakiwa sahihi, Bibi alitia dole gumba, na kila mara alirudi nyumbani akilisugua kidole kile kwa hasira mpaka wino utoke. Siku alipoandika jina lake lote bila kusaidiwa, alikuja akaliandika kwa chaki kwenye mlango wa jiko. Akasimama akilitazama, mikono kiunoni.

"Kuanzia leo," akatangaza, "kidole changu kimestaafu."

Basi Mwalimu alipochukua fomu ya kugombea ubunge, kwetu ilikuwa furaha ya harusini. Mjomba alifunga kibanda chake cha baiskeli akawa mbandika picha. Bibi alimpikia gundi ya unga wa ngano kwenye sufuria letu la uji, na uji wa wiki ile nzima ulikuwa na ladha ambayo mpaka leo siwezi kuisamehe. Sura ya Mwalimu ikajaa mtaani, kwenye kuta za maduka, kwenye nguzo, mpaka kwenye mlango wa choo chetu cha nje.

Kisha jina lake likaondolewa. Walisema sahihi yake kwenye karatasi moja haifanani na sahihi yake kwenye karatasi nyingine. Mwalimu, mtu aliyefundisha nusu ya mtaa kuandika, eti hajui kutia sahihi! Alikwenda kulalamika, akaambiwa arudi kesho, na kesho yake akaambiwa muda umepita. Wagombea waliobaki walikuwa yule wa siku zote na wengine wawili ambao hakuna aliyewahi kuwaona hata kwa bahati mbaya. Watu wakabandua picha kimyakimya. Mjomba hakubandua, aliendelea kubandika. Alasiri moja, siku nne kabla ya uchaguzi, gari la polisi likasimama karibu na ukuta aliokuwa akiubandika, wakamchukua yeye na ndoo yake ya gundi.

Kituoni walimwambia Bibi kwamba dhamana ipo, alete barua ya serikali ya mtaa. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Mwenyekiti wa mtaa alifanyia kazi zake kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, nyumba nne kutoka kwetu, na barua bila muhuri wake ilikuwa karatasi ya kufungia karanga. Muhuri wenyewe mkewe, Mama Tatu, aliutunza chumbani ndani ya kopo la maziwa, kwa kuwa watoto waliwahi kuuchukua wakamgongea mbuzi wa jirani.

Mwenyekiti hakumkatalia Bibi. Alimwambia asubiri uchaguzi upite. Kesho yake akapita mtaani na kipaza sauti. Naisikia sauti yake hadi leo: "Wananchi, tupige kura! Nitakagua kidole kimojakimoja! Kila aliyepiga kura apite kwangu alasiri nimwandike! Asiye na kidole asije kuniomba barua!" Safari ile wakubwa waliogopa vituo vya kura kubaki vitupu, maana watu walikuwa wamesema wazi kwamba hawaendi. Kwenda kumchagua nani?

Sasa nieleze nilivyoelewa mimi. Kwa akili yangu ya miaka tisa, kura ilikuwa ule wino wa kidoleni. Watu wanakwenda shuleni, kwenye kituo cha kura, wanapakwa kidole kidogo, wakubwa wanahesabu vidole, na mwenye vidole vingi anakuwa mbunge. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilijifundisha mwenyewe, na nikishajifundisha kitu sikuwa na wasiwasi nacho hata kidogo.

Asubuhi ya uchaguzi Bibi alivaa gauni lake la Idi, akakaa kwenye mkeka uani, akachambua mchele. Hakwenda popote. Jana yake nilikuwa nimemwona akifua shati la Mjomba ambalo halikuwa chafu, analifua na kulia, sauti yake ameimeza ili nisisikie. Kila siku alikuwa akimpelekea Mjomba chakula kituoni kwenye hotpoti, na siku ile ya kufua alirudi na hotpoti limejaa, hawakumruhusu kumwona. Kwa hiyo nilijua vizuri kabisa kilichokuwa kimelala juu ya kidole chake. Akipakwa, Mjomba anarudi. Asipopakwa, harudi.

Saa nne wakaja wanawake wawili wa nyumba ya nyuma, mmoja wao mama wa rafiki yangu. Walisalimia kwa upole uliozidi.

"Bi Mkubwa, tuna shida ndogo. Sie hatuendi kule shuleni."

"Kama nami siendi, nitawalaumu nini?"

"Ila vidole, Bi Mkubwa. Mie nangoja barua ya mtoto ya kidato cha kwanza. Tukasema, lile piko lako si jeusi vilevile? Nukta tu kwenye kidole kidogo."

Bibi akaacha kuchambua mchele. "Piko langu la maharusi," akasema. "Silitumii kwa uongo. Hamtaki kwenda, msiende, na mkiulizwa mseme hamkwenda."

"Rahisi kwako kusema."

"Rahisi kwangu?" Bibi akamtazama mpaka yule mama akainamisha uso. "Mwanangu yuko ndani, na mie ndiye unayeniambia rahisi?"

Wakaondoka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko, chini ya jina letu la chaki, na mpango wote ulikuwa umeshakamilika kichwani mwangu.

Bibi alikuwa na kawaida ya kulala kidogo chumbani baada ya sala ya adhuhuri. Aliposinzia tu nilikoroga piko, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikawaita. Walikuja wawili, wakawa wanne, wakawa sita. Habari ya namna hiyo haihitaji kipaza sauti. Niliwakalisha kwenye kigoda mmojammoja pale mbele ya choo, sura ya Mwalimu ikitutazama kutoka mlangoni, na wote, watu wazima wenye watoto wao, walininyooshea mkono wa kulia. Nami niliupokea wa kulia. Kwetu hakuna anayempa mtu mkono wa kushoto: hupokei nao, hutoi nao, humsalimii mtu nao, na Bibi alikuwa amenigonga vya kutosha kuhusu jambo hilo. Hakuna kati yetu aliyefikiri mara mbili. Nikapaka kidole kidogo, ncha na ukucha, nikanong'ona kila mara: "Bismillahi, hii ya Mwalimu." Maana nilikuwa nampigia kura Mwalimu, na nilikuwa na uhakika wa ushindi.

Mkono wa saba haukuingia uani. Ulipenya kwenye uwazi wa mabati ya ua, mpaka kwenye kiwiko, na mwenye mkono hakusema neno. Ulikuwa mkono wa kulia wa mwanamke, wenye kovu refu la kuungua na mafuta chini ya kidole gumba. Nikaupaka kama mingine. Ulibaki hapo ukikauka, nikaupepea, halafu ukarudi ulikotoka. Nikasikia kandambili zikienda upesi.

Na wa nane alikuwa Bibi mwenyewe. Alilala chali kwenye mkeka, mkono wa kulia kifuani, tasbihi imezunguka kiganja. Nilipiga magoti, nikazuia pumzi kama alivyonifundisha, nikakipaka kidole chake kidogo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikampepea kwa kipepeo cha maharusi mpaka likakauka. Nilijisikia mtu mkubwa sana. Nilimwona Mjomba akirudi, nikamwona Mwalimu bungeni, na mimi ndiye niliyefanya yote mawili kabla ya alasiri.

Bibi aliona kidole chake alipokuwa akitia udhu. Kopo la maji likamponyoka. Alikipaka sabuni ya mche, akakisugua kwa ndimu, kwa majivu, kwa jiwe la kusugulia nyayo, mpaka ngozi ikawa nyekundu kuzunguka weusi ule. Piko lake lilikuwa bora, halikubanduka. Kisha akakaa kwenye ukingo wa saruji, akaniuliza kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele.

"Nani wengine?"

Nikawataja sita. Nikasema kuna wa saba simjui, ni mkono tu.

"Mkono gani umewapaka?"

"Wa kulia, Bibi. Kulia kwanza."

Alifumba macho. "Wino wao wanapaka kushoto, somo," akasema. "Kura inapakwa kushoto."

Sikuwahi kujisikia vile. Nilikuwa nimezoea kukosea vitu vidogo, kumwaga maji, kuunguza uji. Hiki kilikuwa cha watu wazima, na hakikufutika kwa ndimu. Bibi akaswali alasiri, akavaa buibui, akanishika mkono. Nilidhani ananipeleka kwa mama Kimbiji. Tulikwenda nyumba ya nne.

Wanawake wangu sita walikuwa wamepangwa kwenye benchi nje ya chumba cha Mwenyekiti, wamekumbatia mikono yao. Wa kwanza alikuwa amenyoosha kidole kwa majivuno, Mwenyekiti akakitazama, akautazama mkono, akaomba kuona wa pili. Baada ya hapo kazi ilikuwa rahisi. Alikuwa na karatasi mbele yake na alikuwa akimalizia jina la sita. Alipomwona Bibi akasimama, akaondoa kofia.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua barua ya mwanangu."

"Kidole."

Bibi akaweka mikono yake yote miwili juu ya meza, viganja chini, mbele kabisa ya pua yake.

"Huu wa kushoto haujaguswa. Sikwenda shuleni leo. Huu wa kulia kanipaka mjukuu wangu nimelala, na hawa hapo nje kawapaka yeye. Kama kuna wa kulaumiwa, nilaumu mie. Piko langu."

Mwenyekiti akanigeukia. "Nani kakutuma wewe?"

"Hakuna," nikasema. "Nilitaka Mjomba arudi."

Alijifuta uso kwa leso. Utotoni nilimwona jitu. Leo nikimkumbuka namwona mtu wa makamo aliyechoka, shati limelowa mgongoni, anayetaka siku iishe.

"Bi Mkubwa, ungekwenda tu," akasema. "Dakika tano. Unatia alama, unapakwa, unarudi, mie nakupa barua. Unanitia kwenye matatizo kwa sababu gani?"

"Niliyemtaka mmemtoa. Sasa kidole changu mnakitakia nini?"

"Sikumtoa mie! Mie naletewa karatasi tu. Jioni hii wanataka majina ya waliosusa. Nisipopeleka, jina litakalokwenda ni langu."

"Basi peleka. Nipe hiyo kalamu."

Alidhani anatania. Bibi akanyoosha mkono mpaka akapewa, akaivuta karatasi, akainama. Chini ya yale majina sita akaandika jina lake. Alichukua muda. Herufi zake zilikuwa kubwa na kila moja ilisimama peke yake, na alipokosea mkia wa moja alirudia juu yake. Wanawake walikuwa wamesimama mlangoni wanatazama. Mtaa mzima ulijua kwamba yule bibi alikuwa akitia dole gumba.

"Hilo nimeandika mwenyewe," akasema, akaweka kalamu chini, "wasije wakalikosea."

Mwenyekiti akaitazama karatasi ile. Nafikiri alitamani mtu amzuie kuigonga muhuri. Hakuna aliyemzuia, kwa hiyo akaita kuelekea ndani, sauti yake kavu: "Mama Tatu! Niletee muhuri!"

Mama Tatu akatoka na kopo la maziwa kwenye mkono wa kushoto. Akalifungua, akatoa muhuri, akampa mumewe kwa mkono wa kulia, kama mke yeyote wa kwetu anavyompa mumewe kitu. Na mimi, niliyekuwa nimesimama usawa wa meza, nikaliona lile kovu la mafuta chini ya kidole gumba. Halafu nikaiona kazi yangu. Ncha na ukucha, hakuna doa nje ya mstari.

Mwenyekiti hakuupokea muhuri. Alikuwa ameona. Macho yake yalitoka kwenye kidole yakaenda kwenye karatasi, kwenye ile nafasi tupu chini ya jina la Bibi, yakarudi kwenye kidole. Mama Tatu angeweza kuuficha mkono ndani ya kanga, muda alikuwa nao. Hakuuficha. Alisimama vilevile, amenyoosha muhuri, anamtazama mumewe usoni.

"Muhuri huu hapa, Baba Tatu," akasema.

Bibi naye alikuwa ameona, na neno moja tu lingetosha. Wanawake mlangoni wasingehitaji hata neno zima. Lakini Bibi alivuta ushungi wake vizuri, akautazama ukuta, na aliposema sauti yake ilikuwa laini kama anasema na Mjomba.

"Barua ya mwanangu, baba."

Mwenyekiti akakaa. Akaikunja ile karatasi mara mbili, mara tatu, akamkabidhi mkewe. Akachukua karatasi nyingine, akaandika barua, akaupokea muhuri, akaugonga kwa nguvu mpaka kopo likaruka.

"Nendeni mkapike," akawaambia wanawake bila kuwatazama.

Mjomba alirudi kesho yake mchana, amekonda, ana ndevu, na jambo la kwanza alilouliza ni ndoo yake. Ndoo hatukuiona tena. Tulimla kwa macho alipokuwa akila. Redio ya jirani ilikuwa ikisoma matokeo, na nilipomsikia yule wa siku zote ametangazwa mshindi nikaangua kilio kilichomshtua kila mtu. Nilikiri yote. Nilisema nilimpigia Mwalimu kura nane, zote zimeharibika kwa kuwa nilipaka mkono wa kulia, na kwamba Mwalimu ameukosa ubunge kwa ajili yangu.

Mjomba alicheka mpaka akapaliwa na wali. Bibi hakucheka. Alinivuta akanikalisha mapajani, ingawa nilikuwa mkubwa wa kutosha kuaibika.

"Mwalimu hakuwamo, somo," akasema. "Hata ungepaka mji huu mzima, mikono yote miwili, hakuwamo. Kura si wino. Kura ni kumsema unayemtaka, basi. Wino wanakupaka baadaye, usirudie."

Nilimwomba msamaha kwa kidole chake. Sikuwa na maneno ya kueleza nilichokuwa nimekifanya, ila nilikijua: alikuwa amekataa kupakwa na watu wenye nguvu kuliko mimi, na mimi nikampaka usingizini. Nimebeba aibu hiyo kwa miaka mingi, na leo naisema. Yeye hakuificha. Wiki mbili nzima alitembea na kidole kile cheusi, sokoni na msibani, na mtu akimwuliza, "Bi Mkubwa, kumbe ulipiga kura?" alijibu kwa furaha, "Hapana, nilipakwa."

Miezi kadhaa baadaye Tatu, binti wa Mwenyekiti, aliolewa, na Bibi ndiye aliyempamba. Mimi nilipepea. Kazi ilipokwisha, nilimwona Mama Tatu akifungua fundo kwenye pembe ya kanga yake na kumtilia Bibi kitu kiganjani. Nilidhani ni malipo.

Sasa nimekijua. Ndani ya kisanduku, chini ya chelewa zilizochongwa na kipepeo cha maharusi, nimekuta karatasi iliyokunjwa mara tatu. Majina sita kwa mwandiko wa haraka wa Mwenyekiti, na la saba kwa herufi kubwa zinazosimama kila moja peke yake, mkia mmoja umerudiwa. Hakuna muhuri. Nililisoma jina lile kwa sauti, na mwanangu akasema, "Mama, mbona ni lako?" Ni langu, ndiyo. Lote, mpaka mkia.

Uchaguzi mwingine umepita juzijuzi, nami sikwenda: niliyemtaka hakuwamo. Siku tatu baadaye alikuja kijana wa ofisi ya mtaa na daftari, akapiga hodi kwa adabu, akaniamkia, akaomba kuona kidole. Nilimpa mikono yote miwili. Akaitazama, akaigeuza, akasema itabidi aandike jina langu. Nikamwambia anipe kalamu.